Kakati zenye majani: kulea pereskia na ndugu zake katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Pereskia ni dungusi kakati kamili, ingawa ina majani mapana, matawi ya mti na gome. Ikisimama kando ya mlimao, mpita njia hawezi kuitofautisha mpaka ashike tawi. Kinachoitambulisha ni kidoa kidogo chenye manyoya mafupi kwenye kwapa la kila jani. Kidoa hicho huitwa areoli. Ndimo inamotoka miiba, ndimo yanamotoka machipukizi, na jamii ya kakati peke yake ndiyo iliyo nacho. Mnyaa na mitupa mikubwa tunayopanda kuzunguka nyumba haina areoli, na ukiikata hutoa utomvu mweupe mzito. Hiyo si kakati hata kidogo. Ukikata tawi la pereskia, utaona majimaji yasiyo na rangi na ute kidogo.

Pereskia nyingi hufa kwa sababu wenye nayo hufuata kanuni iliyozoeleka kwamba kakati haitaki maji. Kakati zisizo na majani hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, kukiwa na ubaridi, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Pereskia yenye majani huvifungua mchana, kama maharage au mkahawa, na jua la Mbeya la mwezi Oktoba huinyonya maji kwelikweli. Ukiinyima, majani hujikunja, hugeuka njano na kudondoka. Wengine hukosea upande wa pili: wakiyaona majani wanainywesha mwaka mzima kama waridi, kisha mwezi Julai shina linaoza kuanzia chini.

Kanuni inayofaa huku kwetu ni fupi. Pereskia inakula na kunywa ikiwa na majani mapya na joto. Baridi ikiingia inapumzika, na wewe unapumzisha jagi la maji. Baridi peke yake, isipofika sakitu, huiangushia majani tu. Maji peke yake, kukiwa na joto, huikuza. Vikikutana vyote viwili kwenye mizizi, mmea unaoza. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Tabianchi yetu, na kwa nini inatusaidia

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Baridi kali ya Juni na Julai huikuta ardhi imeshakauka. Kwa mmea huu hiyo ni neema, maana mapumziko yake yanaangukia wakati ambao mbingu zenyewe zimefunga. Mjini Iringa, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, unaweza kuiweka nje mwaka mzima ukiisogeza karibu na ukuta unaotazama kaskazini. Miezi ya Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, na ukuta huo hupata joto mchana na kulirudisha usiku.

Tukuyu na miteremko ya Mlima Rungwe ni habari nyingine. Huko manyunyu na ukungu vinaendelea hata katikati ya mwaka, kwa hiyo chombo kiwe chini ya paa kuanzia Mei, la sivyo udongo hautakauka kamwe. Njombe, Makete na maeneo ya jirani na Kitulo kuna sakitu. Usiku wa namna hiyo mmea uingie ndani au barazani, kwa sababu maji yaliyo ndani ya machipukizi yakiganda, machipukizi huwa meusi na kulegea asubuhi. Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, hakuna baridi ya kutosha kuipumzisha. Huko shida ni kuizuia isizidi mipaka, nalo tutalieleza mwishoni.

Aina za kutafuta

*Pereskia aculeata* ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ya kuanzia. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kuanzia visiwa vya Karibi hadi Brazili na kaskazini mwa Ajentina. Hutambaa na kupanda, na ikipata mti inaweza kufika mita 10. Machipukizi yake yana miiba mifupi iliyopinda, miwili miwili kwenye kila kwapa, ambayo hufanya kazi ya kulabu za kukwea. Mashina makubwa hutoa vishada vya miiba iliyonyooka, mirefu, inayotoboa hata glavu nyembamba. Maua ni meupe au ya rangi ya krimu, yenye harufu inayokaribia ya limau, na hutokea kwa vishada. Ipo pia aina ya bustani ambayo majani yake ni ya dhahabu juu na zambarau chini. Kwa uzuri wa majani tu, bila kungoja maua, hiyo ndiyo bora.

*Pereskia grandifolia* hutoka Brazili. Ni kichaka au mti mdogo wa mita 2 hadi 5, wenye maua ya waridi yanayomfanya mtu aulize ni waridi gani hili. Tazama tunda lake kwa makini: lina vijani juu yake, na mara nyingine ua jipya huchipuka kutoka kwenye tunda, kisha tunda lingine juu ya hilo, mpaka yananing'inia kama mkufu. Hufanyika hivyo kwa sababu tunda la kakati limefunikwa na tishu za shina, na shina lina areoli zinazoweza kuchipua. Hili ni jambo la kuonyesha watoto wa shule.

*Pereskia bleo* ya Panama na Kolombia ina maua ya rangi ya chungwa iliyokolea. Ni nzuri sana, lakini ni ya joto. Chini ya nyuzi 12 hivi huanza kudhoofika, kwa hiyo inafaa Kyela, au ndani ya nyumba penye dirisha kubwa. Kuipeleka Njombe na kuiacha nje ni kuipoteza.

Ya nne ni Pereskiopsis, ya Meksiko na Guatemala. Si ya urembo. Shina lake ni la kijani, jembamba, lina majani manene, na hukua upesi ajabu. Wataalamu huitumia kubebeshea miche michanga ya kakati nyingine, yaani kuiunganisha juu ya shina lake ili ikue hapo. Ishike kwa uangalifu: pamoja na miiba mirefu ina vimiba vidogo kama nywele, vyenye ncha za kunasa, vinavyobaki kwenye ngozi siku kadhaa. Vitoe kwa gundi ya karatasi: paka, acha ikauke, bandua.

Kuhusu majina, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba pereskia zote si tawi moja la ukoo. Ndiyo maana siku hizi *grandifolia* huandikwa pia *Rhodocactus grandifolius*, na *bleo* huandikwa *Leuenbergeria bleo*. Ukikuta lebo mbili tofauti kitaluni, huenda mmea ni uleule.

Udongo na chombo

Udongo mwekundu wa Iringa ukiuweka mtupu kwenye chungu hushikamana kama tofali baada ya mvua tatu, na hewa haifiki kwenye mizizi. Unahitaji kitu cha kuufungua. Mbeya na Rungwe tuna hazina ambayo watu wa mikoa mingine huinunua kwa shida: ile changarawe nyepesi ya volkano, yenye vitundu, inayoelea majini. Ichekeche. Chukua punje za milimita 3 hadi 10, zile za vumbi zitupe, kisha zioshe mpaka maji yatoke meupe. Vumbi likibaki hushuka chini ya chungu na kuziba matundu, na faida yote inapotea. Iringa na Mafinga, ambako changarawe hiyo ni adimu, tumia mchanga mkubwa wa mto uliochekechwa vivyo hivyo. Mchanga laini wa kupigia lipu usiutumie.

Kwa pereskia, changanya hivi:

- sado 2 za udongo wa juu, mweusi, usio na mfinyanzi mwingi
- sado 2 za changarawe ya volkano au mchanga mkubwa wa mto
- sado 1 ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu
- nusu sado ya chenga za mkaa

Maranda mabichi ya mbao yasiingie humo, hata kama yamejaa bure kwenye viwanda vya Mafinga. Yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mmea unabaki njano huku umewekewa samadi.

Chombo cha lita 10 hadi 20 kinatosha miaka miwili ya kwanza. Ndoo iliyopasuka mdomo inafaa kabisa. Toboa matundu 6 ya ukubwa wa kidole kwenye kitako na mengine 4 ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, ili hata kitako kikizama kwenye tope maji yapate pa kutokea. Iweke juu ya matofali mawili. Jaribio lake ni hili: mimina lita 1 ya maji kwenye ndoo iliyojaa mchanganyiko wenye unyevu. Yaanze kutoka chini ndani ya dakika moja. Yakituama juu, ongeza changarawe.

Usianze na chombo kikubwa kuliko mmea. Mche wenye mizizi michache kwenye lita 20 umezungukwa na udongo usio na wa kuunywa, nao hubaki umelowa wiki nzima.

Kupanda kwa pingili

Mbegu huota, lakini pingili ni haraka na hukupa mmea uleule uliouona. Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Septemba hadi Desemba, joto linapopanda. Pingili za Mei na Juni hukaa bila mizizi mpaka zioze.

Chagua tawi lililoanza kukomaa: rangi imetoka kijani kibichi kuelekea kijivu au kahawia, unene wa kalamu ya risasi. Kata pingili za sentimita 15 hadi 20 kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Mkato wa chini uwe milimita chache chini ya areoli. Ondoa majani ya nusu ya chini, na yale makubwa ya juu yakate nusu ili yasipoteze maji. Weka alama juu na chini, kwa sababu pingili ikishapoteza majani ni rahisi kuipanda kichwa chini, na haitaota.

Hapa kuna tofauti na kakati nyingine. Pingili ya kakati nene huachwa ikauke wiki moja au mbili. Ya pereskia ikiachwa muda huo hunyauka na kufa, kwa kuwa haina ghala la maji shinani. Iache kivulini siku 1 tu, mbili zikizidi sana, hadi jeraha liwe kavu ukiligusa. Kisha ichomeke theluthi moja ya urefu kwenye kiriba chenye mchanga mkubwa na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, nusu kwa nusu. Maganda hayo hupatikana kwa wingi kwenye mashine za Mbarali na Kyela. Lowesha mara moja, weka kwenye kivuli chepesi, kisha nyunyiza tu juu ya majani asubuhi. Mizizi hutoka kwa wiki 3 hadi 5. Usiivute kuijaribu. Ukiona majani mapya mawili yanakua mfululizo, mizizi ipo. Majani yaliyokuwa tumba wakati wa kukata yanaweza kufunguka bila mzizi wowote, kwa hiyo yasikudanganye.

Kuihamishia juani fanya taratibu, kwa wiki mbili: siku tatu jua la asubuhi, kisha mpaka saa tano, kisha siku nzima. Jua la mita 1,700 ni kali kuliko linavyohisiwa kwenye upepo baridi, na jani lililozoea kivuli huungua likawa na mabaka meupe makavu.

Maji, msimu kwa msimu

Mwezi Oktoba, vidoa vinapoanza kuvimba na vijani kuchungulia, anza na lita 1 kwa chombo cha lita 10, mara moja kwa wiki. Majani yakishafunguka, fanya mara mbili kwa wiki mpaka mvua zianze. Huu ndio pia wakati wa kubadilisha udongo.

Novemba hadi Machi mvua yenyewe inatosha. Kazi yako ni kuhakikisha matundu hayajaziba na kuinywesha tu kama siku 4 au 5 zimepita bila mvua. Weka mbolea ya NPK 17:17:17, kijiko 1 cha chai kwa chombo cha lita 10, kila baada ya wiki 6, ukiifukia kidogo mbali na shina. Ukizidisha naitrojeni utapata majani mengi ya kupendeza na ua hata moja halitatokea. Mbolea ya mwisho iwe mwishoni mwa Februari. Machipukizi laini yaliyolishwa mwezi Aprili huingia kwenye baridi yakiwa hayajakomaa, nayo ndiyo ya kwanza kufa.

Mei punguza hadi mara moja kwa siku 10. Juni na Julai, kama mmea bado una majani, nusu lita kila baada ya wiki 3, asubuhi ya jua, kati ya saa tatu na saa tano, ili udongo upate joto kabla ya jioni. Kama majani yameshaanguka, usimwagilie. Hili ndilo wengi hawaliwezi, kwa sababu kichaka kitupu kinaonekana kimekufa na mkono unakwenda wenyewe kwenye jagi. Kwangua gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, mmea u hai na unapumzika. Agosti na Septemba, pepo kavu zinapovuma na jua linarudi, bado subiri vidoa vivimbe kabla ya kurudi kwenye maji.

Maua na kupogoa

*Aculeata* inayopogolewa kila mwezi ili ikae nadhifu haitatoa ua, maana vishada vya maua hutoka kwenye matawi marefu yaliyokomaa. Mfanyie kichanja cha mianzi au waya kwenye ukuta wenye jua, acha mashina makuu 3 au 4 yapande mpaka mita 2, kisha yalaze mlalo. Shina likilazwa, vidoa vingi vilivyolala huamka kwa pamoja, na vishada huwa vingi. Funga kwa kamba ya katani, si waya, kwani shina hunenepa na waya hukata gome. *Grandifolia* hutaka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Ipogoe mara moja tu kwa mwaka, Septemba, ukiondoa theluthi ya juu. Vaa glavu za ngozi na miwani. Tawi lililokatwa hurudi kwa kasi usoni.

Kubebesha: mwavuli wa maua juu ya shina la pereskia

Waliokwisha kubebesha parachichi Rungwe au Njombe wataiona kazi hii kuwa nyepesi. Kakati ya Krismasi, yaani Schlumbergera ya milima ya pwani ya Brazili, kwa asili huning'inia. Ukiibebesha juu ya shina la *aculeata* lililosimama, inakuwa mwavuli wa maua wa urefu wa kiuno.

1. Kuza pereskia kwa shina moja lililofungwa kwenye mwanzi mpaka sentimita 40 hadi 60, unene wa kalamu. Fanya kazi hii Oktoba au Novemba, utomvu unapopanda.
2. Kata kichwa mlalo, ondoa majani na miiba ya sentimita 10 za juu, kisha pasua katikati kwenda chini sentimita 2.
3. Chukua vikonyo vya Schlumbergera vyenye vipande 2 au 3. Chonga ngozi ya pande zote mbili za kipande cha chini, sentimita 2, mpaka uzi wa katikati uonekane.
4. Ingiza kikonyo kwenye mpasuko uzi huo ukigusana na kiini cha shina. Weka kimoja, au viwili vikitazama huku na huku.
5. Choma mwiba mrefu wa pereskia yenyewe kukipenya kikonyo na shina kwa mlalo. Huo ndio pini ya tangu zamani, na ni bora kuliko ya chuma kwa kuwa hauna kutu.
6. Weka kivulini, pasipo mvua, wiki 2 hadi 3. Maji ya chini tu.

Kikonyo kikibaki kigumu na kuanza kutoa kipande kipya, kimeshika. Kikisinyaa wiki ya kwanza, mara nyingi uzi na kiini havikugusana. Kata sentimita 3 chini na urudie siku hiyohiyo. Baadaye shina la chini litajaribu kuchipua majani yake. Acha machache mwezi wa kwanza, kisha yaondoe yote kila yanapotokea, la sivyo pereskia hujilisha yenyewe na kuacha mwavuli ufe.

Zile ambazo "majani" yake ni mashina

Malkia wa usiku, *Epiphyllum oxypetalum*, anayekaa kwenye makopo barazani mwa nyumba nyingi, hana majani. Yale mapana, membamba, ya kijani ni mashina yaliyobapa. Uthibitisho ni kwamba ua hutokea pembeni mwake, na jani la kweli halitoi ua. Kwa asili hukaa juu ya miti ya misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwa hiyo hataki udongo wa shamba. Mpe sehemu 3 za maganda ya mipaini yaliyokaa nje miezi mitatu, 1 ya changarawe ya volkano, 1 ya majani yaliyooza, na chenga za mkaa. Pingili yake ni ya sentimita 15 na hiyo ndiyo ikauke siku 7 hadi 10 kabla ya kupandwa.

Tumba lake huchukua wiki 3 au 4. Mwanzoni huning'inia, siku chache kabla ya kufunguka shingo hupinda na ncha kuinuka juu. Ukiona hivyo, waalike majirani. Hufunguka baada ya giza kuingia, huwa kamili karibu na usiku wa manane, na alfajiri limekwisha. Usikizungushe wala kukihamisha chombo matumba yakiwepo, kwani hudondoka.

Schlumbergera hutaka usiku mrefu ili ichanue, na karibu na ikweta usiku haurefuki vya kutosha. Mbeya na Iringa baridi hufanya kazi hiyo: wiki kadhaa za usiku wa nyuzi 10 hadi 15 husukuma matumba hata bila giza refu. Kwa hiyo mwezi Mei iache barazani, usiihamishie ndani kwa huruma.

Ipo pia kakati moja ambayo Mungu aliiweka Afrika bila mkono wa mtu, *Rhipsalis baccifera*, yenye mashina membamba ya kamba na matunda madogo meupe, inayoning'inia kwenye miti ya misitu yetu ya milimani. Ukiiona, iache ilipo.

Ikiharibika

Majani kudondoka Juni si ugonjwa. Majani kunyauka huku udongo umelowa ni kuoza kwa mizizi, na hapo kumwagilia zaidi ni kuiua. Toa mmea, osha mizizi, kata yote ya kahawia na laini. Kama shina limeguswa, kata kwenda juu kidogo kidogo, ukifuta kisu kila mara, mpaka mkato uwe safi bila pete ya kahawia, kisha anza upya kwa pingili.

Ncha zilizouawa na sakitu usizikate mpaka Oktoba. Zinaifunika sehemu ya chini, na kidonda kibichi cha Julai hakifungi.

Vidung'ata hujificha kwenye areoli, katikati ya manyoya, kwa hiyo mwanzoni huonekana kama manyoya yenyewe. Dalili ni utelezi wa sukari kwenye majani na sisimizi wanaopanda na kushuka. Gusa kila kimoja kwa pamba yenye spiriti, kisha puliza maji yenye mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita, jioni, mara tatu kila baada ya siku 7. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai hubaki. Utitiri mwekundu huja Septemba na Oktoba hewa ikiwa kavu, na majani hupata vidoa vya kijivu. Kuyaosha upande wa chini kwa maji kila siku mbili hutosha.

Isitoroke

*Aculeata* ni mmea vamizi nchini Afrika Kusini. Hupanda juu ya miti ya msitu, hufunika vilele na kuinyima jua, na kipande kidogo cha shina kikigusa ardhi huota. Kwa hiyo usiipande ardhini Kyela, wala karibu na misitu ya Rungwe na Udzungwa, wala kando ya mto. Iweke kwenye chombo au kwenye ukuta wa uani unaoufikia. Mabaki ya kupogoa usiyatupe korongoni: yaanike kwenye saruji mpaka yavunjike yakikunjwa, kisha yachome. Ukiagiza mmea au mbegu kutoka nje ya nchi, lazima uwe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pereskia na Pereskiopsis hazimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini kakati nyingine karibu zote zimo, kwa hiyo vibali vyake huwa zaidi.

Majani ya kula

Brazili, hasa jimbo la Minas Gerais, majani ya *aculeata* ni mboga ya kila siku, yenye protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani. Hakikisha kwanza aina: vuna tu kwenye mmea uliokwisha kuutambua kwa maua na kulabu zake, usiopuliziwa dawa. Chuma majani laini, moja moja kwa mkasi, yaoshe, yakatekate, yaunge kwa kitunguu na nyanya dakika 5. Yana mlenda, ukiyapika muda mrefu unazidi, ukiyakausha kwanza kwa kitambaa unapungua. Usivune zaidi ya theluthi ya majani kwa mara moja, na usivune kabisa baada ya Aprili.

Matunda ya njano, ya sentimita moja au mbili, ni chachu na hufaa jemu. Yachume yanapoanza tu kubadilika rangi, kabla ndege hawajayabeba, futa vimiba kwa kitambaa kigumu, na zile mbegu nyeusi zichemshe kabla ya kuzitupa.